Tanga ya Waja Leo Waondoka Leo, Lakini Sisimizi Huyu Akija Haondoki

Mjini kila msimu una kiki yake. Kulikuwa na msimu wa mbwa wa kizungu, ukaja wa paka wenye manyoya mengi, ukaja wa samaki wa kwenye vioo. Sasa unaambiwa mchongo mpya ni sisimizi. Ndiyo, sisimizi. Hawa hawa wanaopigwa ufagio kila wakivamia bakuli la sukari, leo wanajengewa nyumba ya kioo yenye taa za rangi.

Bwana mdogo mmoja wa Tanga mjini, jina kapuni, mwenye wafuasi wa kutosha pale TikTok, kaposti video akiwa sebuleni kwao. Mezani kuna sanduku la kioo, mirija ya plastiki ya kupitia wadudu, na singeli inapiga chini kwa chini. Kanyoosha kidole kwenye sanduku tupu, katamba: hiyo ni nyumba ya mgeni. Malkia wa sisimizi wakata majani, kutoka Amerika ya Kusini, mzigo uko njiani. Makopa yakamwagika kama mvua ya masika. Mmoja kaandika "mwamba umetisha". Mwingine kaomba agawiwe watoto wakizaliwa.

Mtu mmoja tu hakutia kopa. Mjomba wake, mzee wa Muheza mwenye michungwa yake, alionyeshwa ile video na binti yake, akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mpwa wangu, huyo mdudu wako anakula nini?"

"Majani, mjomba."

"Majani gani?"

"Mengi tu. Ya mchungwa ndiyo anayapenda balaa."

Unaambiwa simu ilikaa kimya hadi bwana mdogo akadhani salio limekata.

Kimya kile kina hoja kuliko makopa yote. Kwa sababu kiki ya mdudu hai ina bili, na bili hiyo hailipwi na mwenye video. Inalipwa na mtu wa pembeni kabisa, ambaye hata bando la kuiangalia hiyo video hana.

MGENI MWENYEWE NI NANI?

Tuwe wakweli kwanza: sisimizi mkata majani ni kiumbe wa ajabu, na bwana mdogo hajakosea kumpenda. Anapatikana Amerika tu, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Anakata majani vipande vipande, anavibeba juu ya kichwa kama mwavuli, anavishusha chini ya ardhi. Lakini majani yale si ya kushibia. Yanatafunwa na kuwekwa kama mbolea ya kuoteshea kuvu, na kuvu hiyo ndiyo inayolisha koloni. Yaani ni mkulima, tena wa siku nyingi kuliko binadamu.

Malkia mchanga akiondoka kwao kwenda kuolewa angani, hubeba kipande cha kuvu mdomoni, kama bibi harusi aliyefungiwa mbegu na mama yake. Ndoa yenyewe ni ya safari hiyo hiyo moja. Baada ya hapo anashuka, anaangusha mabawa, anachimba shimo, na anaweza kutaga kwa zaidi ya miaka 10 bila kuona dume tena. Koloni la jamii ya Atta likikomaa linafika mamilioni ya wafanyakazi, na mashimo yake yanashuka mita kadhaa ardhini.

Soma tena hiyo hesabu. Malkia mmoja. Mamilioni. Miaka 10.

Huko kwao wakulima hawampigii makofi. Anashambulia michungwa, mikakao, hata mihogo. Na kuna watu ambao hawakuwahi kuwa naye, wakampata. Kisiwa cha Guadeloupe, kule Karibi, hakikuwa na mdudu huyo. Mwaka 1954 akaonekana kwa mara ya kwanza. Miaka 70 imepita na bado yuko mashambani.

Sasa itazame Muheza. Joto lipo. Unyevu upo. Majani yapo mwaka mzima, na machungwa ndiyo yanayopeleka watoto shule. Ukitaka kumtafutia mdudu huyo nyumba ya pili duniani, ungehangaika sana kupata pazuri kuliko hapo.

"LAKINI ATAKAA NDANI YA SANDUKU"

Hili ndilo jibu la wafugaji wote wa kiki. Haya, tulifuate hilo sanduku.

Kuvu ya mdudu huyu haipendi joto kali. Inataka nyuzi 25 hivi, na unyevu mwingi, na majani mapya kila siku yasiyoguswa na dawa. Sebule ya Tanga mwezi wa pili, umeme umekatika, feni imesimama, inapita nyuzi 30 bila kuuliza mtu. Kuvu ikiharibika, koloni linakufa njaa. Basi hapo mgeni aliyevushwa bahari amekufa kwa ajili ya video tatu.

Asipokufa ndiyo kasheshe yenyewe. Koloni linakua, sanduku linajaa, majani ya kutafuta kila asubuhi yanakuwa kazi kuliko kazi. Kiki nayo imeshapita, watu wamehamia kwenye kitu kingine. Nini hutokea hapo? Kila mtu anajua nini hutokea, kwa sababu ndivyo walivyofanyiwa wale paka wa manyoya: mlango wa nyuma unafunguliwa. Na mdudu huyu akiwa nje hahitaji feni. Anachimba chini, kwenye ubaridi wake, anaendelea na kilimo.

Na kabla hata ya yote hayo kuna sheria. Kuingiza nchini mdudu hai anayeweza kushambulia mimea si sawa na kuagiza viatu mtandaoni. Kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kuna Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Kuandika "vifaa vya shule" juu ya kifurushi hakugeuki kuwa kibali.

MUULIZE KUNGURU

Watu wa pwani hawana sababu ya kubishana kuhusu wageni wasioondoka, maana wanaamshwa na mmoja kila alfajiri. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu, mwizi wa vifaranga, mpekuzi wa majalala, si wa hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, kwa nia njema kabisa: asafishe taka. Wazo lilionekana la kijanja. Leo ametapakaa pwani yote, Tanga, Dar, Mombasa. Anakula mayai na makinda ya ndege wa asili, anadokoa vifaranga vya akina mama wasio na banda la maana. Sumu imetumika, mitego imetumika. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuua kunguru milioni 1. Aliyemleta hakulipa hata senti. Bili imefika kwa kitukuu wa jirani yake.

Na usidhani hilo ni kwa sababu kunguru ana mwili. Kule Laikipia, Kenya, mgeni alikuwa sisimizi wa kichwa kikubwa, mdogo kuliko punje ya mchele. Alipofika aliwaua sisimizi wa asili wanaoishi kwenye migunga. Wale wa asili walikuwa askari: tembo akija kula mti, wanamng'ata puani, anaondoka. Askari wakafa, tembo wakavunja miti. Miti ikapungua, simba wakakosa pa kujificha. Watafiti waliochapisha kazi yao Januari 2024 walionyesha kuwa pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba mwaka 2003, na kufikia 2020 wameshuka hadi asilimia 42. Simba wakaanza kuwinda nyati, mnyama wa hatari zaidi. Mdudu wa milimita chache kabadilisha menyu ya simba. Halafu mtu anakwambia "ni sisimizi tu".

Wapo watakaojibu: mbona mkonge nao ulikuja? Hoja nzuri, tena ya Kitanga haswa. Kweli, mkonge ni wa Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ikaufanya mji huu ujulikane duniani. Lakini mkonge ulipandwa kwa mistari, ukahesabiwa, ukakaa pale ulipowekwa. Mkonge hauna mabawa. Na hata huo, ukitaka kujua bili ililipwa na nani, waulize wajukuu wa manamba walioukata juani.

UPANDE WA PILI WA DILI

Anayekuuzia mdudu wa mbali huwa na swali la pili: "Na wewe huko kwenu una nini?" Hapo ndipo mchezo wa sebuleni unapogeuka kesi.

Aprili 2025 Wabelgiji wawili, vijana wadogo hata miaka 20 hawajafika, walikamatwa Kenya kwenye nyumba ya wageni wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wamewekwa kwenye mirija zaidi ya 2,200 yenye pamba. Kesi nyingine ikawahusu Mvietnam na Mkenya waliokutwa na mamia. Wadudu wenyewe si wa Amerika. Ni sisimizi wavunaji wakubwa wa Afrika Mashariki, wekundu, wanaokusanya mbegu na kuzipeleka ghalani kwao chini ya ardhi. Kwa wafugaji wa Uingereza malkia mmoja alitajwa kwa bei ya hadi pauni 170. Mei 7 mahakama iliwahukumu wote wanne: faini ya shilingi milioni 1 ya Kenya kila mmoja, yaani takriban milioni 20 za Kitanzania, au jela miezi 12.

Wabelgiji walisema hawakujua, kwao ni mapenzi tu ya wadudu. Labda. Lakini waangalie vizuri hao wanne. Mzungu akishalipa faini anapanda ndege. Mwenyeji anabaki na rekodi, na jina lake limeshaenea mtaani. Kijana wa Korogwe au Handeni anayetumiwa ujumbe "nitafutie malkia wekundu baada ya mvua, nakupa elfu ishirini kila mmoja" anafaa aiweke hiyo elfu ishirini pembeni ya hizo pauni 170, halafu aiweke pembeni ya hiyo miezi 12. Dalali hajaona hata moja ya hizo kama shida yake.

Na malkia 5,000 si wadudu 5,000. Kila mmoja alikuwa na nafasi ya kuanzisha koloni zima, na koloni hilo lingesambaza mbegu na kuipumulisha ardhi kwa miaka.

BILI ILIPOFIKA AMANI

Mfano unaouma kuliko yote uko mkoani humo humo, juu milimani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wa Usambara Mashariki, wengi wao akina mama, walianza kufuga vipepeo kwa ajili ya kuuza. Si kuwakamata msituni kila siku. Wanapanda mimea anayotagia kipepeo, wanalea viwavi kwenye vibanda vya neti, na kiwavi akishajifunga kwenye kifuko chake anasafirishwa kwenda kwenye mabanda ya maonyesho Ulaya na Marekani. Hapo ni dili safi. Lina vibali, fedha inarudi kijijini, na mtu ana sababu ya kuutaka msitu ubaki, kwa sababu msitu ndio mama wa mtaji wake. Wenzao wa Gede, Kenya, walikuwa wameanza kazi kama hiyo tangu 1993.

Sasa kumbuka twiga waliopandishwa ndege pale KIA mwaka 2010. Kila Mtanzania ana utani wake kuhusu twiga wale. Kashfa hiyo na nyingine za wanyama hai kuvushwa kinyemela ziliendelea kuichafua biashara nzima, hadi mwaka 2016 serikali ikafunga usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Mlango ulipofungwa haukuchagua. Ulimfungia mwizi wa twiga, ukamfungia na mama wa Amani mwenye vifuko vyake vya vipepeo mkononi. Mwizi alikuwa ameshakula. Mama ndiye aliyekosa ada ya mtoto.

Hapa ndipo kila mwenye kusema "mimi nasafirisha wachache tu" anapaswa kukaa chini. Hao wachache wako ndio sababu ya mlango kufungwa. Kila mrija wenye pamba unaokamatwa uwanja wa ndege unampa ofisa sababu moja zaidi ya kumwambia mfugaji halali "hapana". Ukijiona mjanja kwa kukwepa kibali, humkomoi serikali. Unamkomoa bibi yako.

Na kunyang'anywa si kwa twiga na vipepeo tu. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kiua cha zambarau cha Usambara. Mwaka uliofuata kikapewa jina lake la kisayansi, Saintpaulia. Leo kinauzwa kwenye vyungu kila kona ya Ulaya na Marekani, watu wanakipa mama zao kama zawadi. Wajerumani wenyewe mpaka leo wanakiita kwa jina la Usambara. Milima ilibaki na jina, fedha ikabaki huko huko. Aliyekichukua naye bila shaka alikuwa na mapenzi tu ya maua.

WA KWETU WANA KOSA GANI?

Kinachochekesha ni kwamba bwana mdogo anaagiza mkulima wa kuvu kutoka Amerika wakati wapo nyuma ya nyumba ya mjomba wake. Mchwa wanaojenga vile vichuguu vikubwa nao ni wakulima. Wanakusanya nyasi na miti mikavu, wanatengeneza vitalu chini ya ardhi, wanaotesha kuvu yao, wanaila. Ule uyoga mtamu unaochipuka juu ya kichuguu baada ya mvua, unaokaangwa na kugombewa, ni mazao ya shamba lao. Na kumbikumbi wanaozunguka taa usiku ndio bibi harusi na bwana harusi wao. Kazi ile ile ya yule wa Amerika, bila pasipoti.

Halafu kuna majimoto. Ukipanda mwembe au mnazi wa pwani bila kuangalia, unawajua kwa kelele zako mwenyewe. Sisimizi wekundu, wakali, wanashona majani mabichi kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa watoto wao. Mfanyakazi anamshika mtoto mdomoni, anampitisha huku na huku kama sindano. Video gani ya sebuleni itaishinda hiyo? Tena wana faida. Kuna mdudu anayefyonza vidaka vya nazi vikaanguka kabla ya wakati, na utafiti uliofanyika Zanzibar tangu miaka ya 1950 ulionyesha kuwa mnazi wenye majimoto unalindwa naye. Wazee wengi wa minazi hawakusoma utafiti huo. Walijua tu kwamba mti wenye majimoto unazaa, ila uupande kwa adabu.

Haya yote hayahitaji sanduku, wala mirija, wala dalali. Yanahitaji kamera ya simu, uvumilivu, na mtu wa kukaa chini ya mwembe dakika 20 bila kuangalia nani kamtumia ujumbe. Na kwa kuwa hakuna aliyehamishwa, hakuna bili.

Watu watasema huo ni wivu, mtoto wa Tanga kapata kitu cha tofauti basi wameanza kumsema. Hapana. Kupenda wadudu ni jambo zuri, na nchi ingekuwa na vijana 1,000 wanaojua maisha ya mchwa kama wanavyojua usajili wa Simba na Yanga, ingekuwa mbali. Tatizo ni kuamini kwamba kitu hakina thamani mpaka kitoke mbali, na kwamba cha kwetu hakina thamani mpaka wa mbali akitake. Kwa imani hiyo hiyo kiua kiliondoka na kunguru akaja.

Tanga ni ya waja leo waondoka leo. Msemo mzuri, una ukarimu ndani yake. Lakini unawahusu wageni wenye nauli ya kurudi. Malkia wa mkata majani akishuka Muheza hana nauli, hana nia, na ana miaka 10 mbele yake.

Taarifa za mwisho zinasema mzigo bado haujafika. Sanduku liko pale pale mezani, tupu, linameremeta taa za kijani. Ujumbe mmoja tu kwa muuzaji unatosha: sitisha. Makopa yatakauka wiki ijayo hata hivyo. Ile michungwa ya Muheza ilipandwa kabla bwana mdogo hajazaliwa, na ndiyo iliyomlipia ada.